Mgomba Tuliouzika Bustanini

Jumatatu, 8 Septemba

Ukungu tangu alfajiri. Nimemaliza kupanda mstari wa mwisho wa maharage, nikatia majivu kwenye vitunguu vya majani. Udongo umeshika maji vizuri. Mwanangu Neema ameenda shule na sweta yenye unyevu. Hakuna nguo iliyokauka tangu Ijumaa.

Nimemwona tena baba Neema. Chini kabisa, pale mteremko unapoishia. Ameinama kama alivyokuwa akiinama shambani, bega la kushoto limeshuka. Nilisimama na jembe mkononi mpaka upepo ukasogeza ukungu. Ni mgomba. Mgomba ule ule, na jani lake lililovunjika. Ulikuwepo hapa kabla yetu. Najua kabisa ni mgomba. Kesho nitasimama tena.

Sijamwambia mama mkwe.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkutano wa kamati ya mtaa, katika darasa la shule ya msingi. Mimi ndiye mwandishi, kwa sababu nilimaliza sekondari na mwandiko wangu unasomeka.

Mpango umepita kama tulivyouchora. Nyumba juu, kando ya barabara. Bustani chini, mkanda mmoja mrefu unaofuata mteremko, kila nyumba na kipande chake. Mifereji ya mvua ipite kati ya vipande, isije ikachimba makorongo kama mwaka jana. Kuku na sungura ruhusa. Nguruwe wakae mbali na chemchemi. Agronomu, bwana shamba wa serikali, alisema mtaa usio na shamba utakula kwa macho tu. Watu walicheka, lakini si sana. Karibu wote hapa tumekimbia kutoka upande wa Beni. Mashamba yetu yako kule na hakuna anayethubutu kuyafikia. Hapa pembeni ya Mususa, mjini Butembo, tuna nyumba za mbao na kipande cha chini. Basi.

Mimi nashona nguo. Kushona kunalipa karo na sabuni. Chakula kinatoka bustanini. Kikiondoka kipande, sijui nitawalisha nini Neema na mama mkwe. Nimefikiria kila njia. Sijui.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Majina ya kuombewa yalisomwa kama kawaida: wagonjwa, kisha wasafiri, kisha marehemu. Kambale, mume wangu, yuko kwa wasafiri. Mimi ndiye niliyemweka hapo.

Alienda kuvuna kakao yake. Washambuliaji waliingia mashambani. Waliokimbia walirudi, wengine bila viatu. Yeye hakurudi. Wanajeshi walileta miili, nikaitazama yote. Hakuwemo. Hatukupata hata kofia. Tulihamia huku Butembo, mimi, mtoto na mama yake, naye nikamhesabu bado yuko njiani.

Jina lake liliposomwa, mama mkwe alinitazama. Kisha akatazama mikono yake.

Jumanne, 16 Septemba

Amekuja mfanyabiashara ambaye kila mtu anamwita Patron. Alikuja na shefu wa mtaa. Anataka kujenga depo, ghala la kakao, huku chini, na malori yapite kwenye mkanda wa bustani.

Shefu alikunjua ramani ya buroo, ofisi ya serikali. Nyumba zimechorwa kwa rangi nyeusi, barabara kwa nyekundu. Bustani zetu ni nyeupe. Agronomu alizipaka kijani kwenye nakala ya kamati tu. Ya buroo hakuigusa. Hakuna aliyekumbuka.

"Hapa iko vide, hakuna mutu," Patron alisema. "Carte yenyewe inasema. Fasi nyeupe ni fasi ya bule."

Wakati anasema alikuwa amesimama juu ya maharage yangu. Nilimwambia.

"Oh! Pardon, mama." Akatoka kwenye maharage, akasimama kwenye vitunguu.

Sikulala vizuri. Hasira.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda buroo na nakala yetu ya kijani. Karani ni mtu mpole, amenipa kiti. Alisema mpango wetu umekubaliwa kwa mdomo, haujatiwa sahihi. Na mahali pasipo na kitu cha kudumu panahesabiwa kuwa hapana mwenyewe.

Nikauliza, kitu cha kudumu ni nini.

"Nyumba. Choo. Kaburi," alisema. Akacheka kidogo, kama mtu anayeomba msamaha. "Maharage haidumu, mama."

Nilirudi kwa miguu. Mama mkwe alikuwa akichambua mbegu kwenye ungo. Nilimweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Nyumba, choo, kaburi," alirudia. Akaendelea kuchambua.

Jumatano, 24 Septemba

Leo mama mkwe amesema. Alingoja Neema aende shule.

Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, watu wa ukoo hukata mgomba, wakauvika nguo zake, wakauzika kwa jina lake. Baada ya hapo kilio kinakwisha. Niliyaona hayo mara moja nikiwa mtoto, walipomzika mjomba aliyezama. Najua pia sehemu ya pili ya desturi hiyo. Aliyezikwa hivyo akirudi akiwa hai, haingii kwa mlango. Jina lake liko chini ya udongo. Ni mgeni nyumbani kwake.

Mama mkwe anataka tumzike Kambale katika kipande chetu.

"Mutu hawezi jenga depo juu ya mutu," alisema. "Hata ule Patron iko na mama yake."

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa, jirani akatoa kichwa dirishani. Nilisema Kambale hajafa. Nilisema siwezi kumuua mtu kwa ajili ya vitunguu.

"Miye ndiye nilimuzala," alisema. Hakupaza sauti. "Wewe unamungojea sababu uko na nguvu. Miye nimechoka, mama Neema."

Leo namchukia. Nimepika, nimempa chakula chake, namchukia.

Jumatatu, 29 Septemba

Vigingi. Nimeamka, nikashuka na ndoo, nimekuta vigingi vimepigwa katikati ya mistari, kuanzia kwangu hadi kipande cha Mama Zawadi, jirani yangu wa bustani. Vina rangi nyekundu kichwani. Maharage yameota vizuri, yana majani mawili mawili. Waliopiga vigingi wameyakanyaga kote walikopita.

Shefu ametuma neno kwamba watakuja kupima kwa kamba wiki ijayo.

Neema alihesabu miche iliyovunjika, kisha akauliza papa akirudi atakula nini.  Nilimwambia avae viatu.

Jioni nimekubali. Sijaamini chochote kipya. Nimekubali kwa sababu ya maharage. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumanne, 30 Septemba

Mama mkwe ameshuka mwenyewe kuchagua mgomba. Kuna migomba mingi kando ya mfereji. Aliipita yote. Akaenda moja kwa moja hadi ule wa chini, akaweka kiganja kwenye shina lake.

"Huu."

 Nilimuuliza kwa nini huu.

"Unaniuliza nini? Kila asubuhi namuonaka hapa. Wewe pia. Nakuangaliaka kwa dirisha, unasimamaka na jembe kama mutu alisahau kazi."

Muda huu wote tumekuwa wawili, yeye dirishani, mimi bustanini, tunamtazama mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumemzika.

Binamu za Kambale walikata shina asubuhi. Nilikuwa nimetoa koti lake la kahawia, lile la harusi za watu. Mkono mmoja ulikataa kuingia, shina ni nene kuliko alivyokuwa. Mama mkwe alipasua mshono. Mimi fundi wa nguo nilisimama nikamwacha apasue.

Utomvu ulipita kwenye kitambaa. Ukatoka mabegani, ukawa mweusi. Umenishika pia viganjani. Sabuni haiutoi.

Katekista alikuja na kitabu chake. Alitazama kilicholala juu ya mkeka, akakohoa. "Miye siziki mugomba," alisema. "Lakini nitaombea Kambale. Nyiye mutafanya yenu, miye nitafunga macho." Akafunga kweli. Wanaume walilishusha shina. Lilikuwa zito. Sikutegemea liwe zito vile. Waliobeba walikuwa wakisema "polepole, polepole, kichwa chake."

Watu walilia. Sidhani kama walimlilia Kambale. Kila mtu alileta wake. Mama Zawadi alipiga magoti akataja jina la kaka yake. Mwanzoni niliona aibu kulilia shina la mgomba. Baadaye aibu iliisha, nikalia kama wengine.

Wamenyoa nywele zangu. Kichwa kinapata baridi.

Jumanne, 7 Oktoba

Walikuja na kamba. Shefu alitangulia. Alipofika kwenye tuta jipya na msalaba wake wa mbao, alivua kofia kabla hajajua anavua. Patron alisimama nyuma yake.

"Iko nani humu?"

"Bwana yangu," nilisema.

"Alikufa lini?"

Nilitazama msalaba.  Mama mkwe alikuwa amekaa chini kando ya tuta, miguu amenyoosha, kitambaa kichwani.

"Papa," alimwambia Patron, "ulikuja kutupatia pole ao ulikuja kutuuliza mambo?"

Patron alitoa pole. Alitoa vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa. Kisha akasema watazunguka, kamba ipite kipande kinachofuata.

Mama Zawadi alikuwa amesimama kwenye mpaka wake, mikono kiunoni. "Hapo iko kaka yangu."

"Sioni kitu," Patron alisema.

"Tunamuzika kesho."

Kutoka kipande cha tatu mzee mmoja aliita kwamba kwake ni vijana wake wawili, na bado hajaamua pa kuwaweka, kwa hiyo wasikanyage popote. Mtu alicheka. Kisha hakuna aliyecheka tena. Tulitazama mkanda wote hadi mwisho, nyumba kwa nyumba. Hakuna kipande kisichokuwa na mtu wake aliyepotea. Tulikuwa tunajua, lakini hatukuwahi kusimama pamoja tukatazama.

Shefu alikunja kamba.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempelekea katekista jina. Leo limesomwa mahali pengine, mwisho, pamoja na marehemu. Lilipita haraka. Waliosikia walinigeukia kwa huruma. Sikutaka huruma yao.

Asubuhi nilishuka mapema. Ukungu mzito, kama siku zote. Nikasimama na jembe, nikatazama chini. Hakuna kitu. Mteremko unashuka, unapotelea kwenye weupe.

Miezi yote ile nilikuwa nikiogopa kumwona. Sasa simwoni, naogopa zaidi. Nilirudi ndani bila kupalilia.

Jumatano, 15 Oktoba

Agronomu amekuja na ramani ya buroo yenyewe, na penseli za rangi. Kuna matuta mapya manne kwenye mkanda sasa. Ameambiwa arekebishe. Alikuwa na wasiwasi. Akiandika makaburi, sheria inakataza kulima. Akiandika bustani, itaonekana tena pako wazi.

"Niandike nini?" aliniuliza kama mwandishi wa kamati. 

Mama mkwe alikuwa akimwagia kabichi maji. "Andika tu kuko batu," alisema.

Agronomu alifikiri. Akapaka kijani mkanda mzima, akaandika: bustani za familia, zinakaliwa. Karani ametia sahihi mchana. Neno hilo moja lilitosha. Patron ameonyeshwa kiwanja kingine karibu na barabara kubwa, malori yatapita vizuri zaidi huko. Ametutumia salamu.

Tumeshinda. Nilitegemea kufurahi. Nimeshona sketi ya shule ya mtu, nimekosea pindo mara mbili.

Jumamosi, 25 Oktoba

Dereva wa taxi amefika sokoni, pale ninaposhonea, na habari. Kuna watu wametoka porini, walikuwa wameshikwa na washambuliaji. Wako Beni, wanaume wengi. Familia zinaitwa kwenda kutazama.

Niliiacha mashine na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilikimbia nyumbani.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. "Tulishamuzika," alisema. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Naondoka kesho asubuhi.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika Beni, kwa binamu yangu. Joto. Nimesahau joto la huku, linavyokaa mgongoni.

Lazima niandike jambo la njiani. Pikipiki ilipokuwa ikishuka na hewa ikianza kuwa moto, nilikuwa naomba. Nilianza kwa kuomba Kambale awepo. Kisha akilini nikaliona tuta letu. Nikaona akisimama juu yake, amekonda, na Patron akisema basi kumbe humu hamna mtu. Nikaona vigingi vinarudi, kwangu, kwa Mama Zawadi, kwa mzee wa vijana wawili. Nikamwona Neema na sahani tupu. Nikajikuta naomba asiwepo. Niliomba kwa maneno kamili, midomo ikitembea. Dereva aliuliza kama nimesema kitu.

Sijawahi kujiogopa hivyo.

Waliotoka porini walikalishwa kwenye mabenchi chini ya turubai. Wamenyolewa, wamepewa fulana. Tulipita taratibu, wanawake mbele. Mwishoni mwa benchi la nyuma kulikuwa na mtu ameinama, bega la kushoto limeshuka.  Nilimwendea nikiwa sijui nataka nini.

Akainua uso. Si yeye. Si yeye kabisa. Hata umri si wake.

Alinitazama kwa hamu. Alikuwa akinitafuta usoni, kama mimi nilivyokuwa nikimtafuta. Akaona kwamba mimi pia siye.

"Mama, unatafuta nani?"

Nilitaja jina la Kambale na kijiji chetu. Hakumjua. Akanitajia jina la mke wake. Alisema labda alikimbilia Butembo, labda nitamwona sokoni, nimwambie yuko hapa. Nilisema nitauliza. Alitazama kichwa changu kilichonyolewa, nywele zinaanza kuota. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na miye, unazani balishanizika?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimerudi. Mama mkwe aliniona tangu barabarani.  Alikuwa amechemsha maji ya kuoga.

Baada ya kula, Neema alipotoka kwenda kwa jirani, nilimwambia mama mkwe ukweli. Nilimwambia nilichoomba njiani. Nilimwambia nilifikiri nini, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kukaa nyumba moja na mama wa Kambale.

Alikuwa akisugua sufuria. Hakuacha.

"Miye niliomba vilevile," alisema. "Hapa, kwa kitanda. Siku yote."

 Alimaliza sufuria, akaifunika, akaketi karibu nami mpaka mtoto aliporudi.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimetembea soko lote nikiuliza jina la mke wa mtu yule wa Beni. Wauza chumvi, wauza samaki wakavu, kanisa la Wakatoliki, kanisa la Waprotestanti. Hakuna anayemjua. Nitauliza tena wiki ijayo, na Vuhovi pia, wapo waliokimbilia kule.

Nimepalilia. Majani ya maharage yamefunika mistari, vitobo vya vigingi havionekani.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumevuna. Tuliyang'oa mashina asubuhi jua lilipotoka, tukayatandaza kwenye turubai mbele ya nyumba. Neema aliyapiga kwa fimbo mpaka maganda yakapasuka.

Mama Zawadi alipita, akauliza kama tutakula na yale yaliyoota pembeni ya tuta, au tutayaacha. Yeye bado hajaamua juu ya yake. Mama mkwe alimwambia yalipata mvua ile ile. Akayachanganya na mengine kwenye ungo.

Nilipika sufuria moja, na vitunguu na mafuta ya mawese. Yaliiva mapema. Tulikaa watatu. Mama mkwe alisali kwa Kinande, lugha ya kwetu, kisha akaonja wa kwanza. Nikaonja mimi. Yalikuwa maharage tu.

Neema alimaliza sahani yake, akaninyooshea tena. Nilimwongezea.